Karantini, Eda na Mlango wa Uani

Wakati ninaousimulia, katika miaka ya hamsini, barabara ya kutoka Likoni kuelekea Msambweni ilikuwa ya udongo uliochanganywa na matumbawe yaliyopondwa. Masika yakianza, magari hayakupita; tulipita sisi wenye baiskeli, na penye mito tulizibeba mabegani. Zahanati yetu ilikuwa na vyumba viwili na baraza. Wafanyakazi tulikuwa wawili tu: Mzee Athumani, mganga msaidizi aliyekuwa kazini tangu kabla sijazaliwa, na mimi, msaidizi wa afya, niliyepewa kazi ya kukagua visima, kuchanja ndui na kubandika matangazo. Daktari wa Kizungu alikuja mara moja kila baada ya wiki mbili. Dawa ya chanjo ililetwa kutoka Mombasa ndani ya chupa ya thamosi iliyojazwa barafu. Barafu ikiyeyuka njiani, tuliimwaga dawa na kungoja nyingine. Ndui haikuwa ikija kila mwaka, lakini kila mtu mzima alimjua mwenye makovu yake.

Nyinyi vijana mnaoingia kazi ya afya leo hamtaiona ndui, na Mwenyezi Mungu ashukuriwe. Nawaandikia kwa sababu ya neno moja ambalo bado mnalitumia. Lilikuja kwetu kwenye matangazo, kwa herufi kubwa nyekundu, neno la Kiingereza ambalo sisi tulilitamka karantini. Mimi nilikuwa nimesoma sarufi ya Kiarabu katika chuo cha dini kwa miaka sita kabla ya kuingia skuli ya serikali, na walimu wangu walinizoeza kutotumia neno kabla ya kujua asili yake. Kwa hiyo nililitafuta. Kamusi ya Kiingereza ya zahanati haikuwa na jalada, na kurasa zake za mwanzo zilikuwa zimekwisha kwa kufungia vidonge. Kwa bahati neno langu lilikuwa mbali na mwanzo. Nilisoma kwamba lilitoka kwa Wataliana wa Venisi, kwamba maana yake ni siku arubaini, na kwamba hizo ndizo siku ambazo meli iliyotoka kwenye bandari yenye tauni ilingoja nangani kabla ya mabaharia kuruhusiwa kushuka.

Nilifurahi kupita kiasi. Arubaini ni hesabu tunayoijua: mwanamke aliyejifungua hukaa ndani siku arubaini, na marehemu husomewa dua siku ya arubaini. Niliona kana kwamba neno la wageni limerudi kwao.

Furaha hiyo ilinitia makosani. Nilitumwa Mkongani, kwenye mji mmoja wa wakulima, yaani boma la ukoo mmoja, ambako mtoto alikuwa amepata ndui. Niliwachanja wote, nikawaamuru wasivuke mpaka wa shamba lao kwa siku arubaini, nikaondoka. Watu wale walitii. Siku ya ishirini na mbili mmoja wao alikuja hadi mwisho wa mpaka, akamwita mpita njia kwa sauti, akampa salamu za kunifikishia. Ziliponifikia zilikuwa hivi: mwambieni Bwana Karantini kwamba mahindi ya konde la pili yanaliwa na nyani, na nyani hawakuwekewa siku.

Mzee Athumani aliniuliza arubaini nimeitoa wapi, kwa kuwa sheria ya ndui ilikuwa siku kumi na sita. Nilimjibu kwamba nimeitoa katika kamusi.

"Kamusi yakwambia neno limetoka wapi," alisema. "Daftari la kazi lakwambia leo lafanya nini. Wewe umewafungia watu wa Mkongani kwa hesabu ya Wataliana."

Nilipanda baiskeli siku ile ile kwenda kuwafungulia. Mwenye mji alinipokea kwa adabu, akanipa maji, kisha akanipeleka kulitazama konde. Tangu hapo kwa miaka mingi watu wa upande ule waliniita Bwana Karantini, na sikuwahi kuwasahihisha.

Lililonifunza zaidi lilitokea mwaka uliofuata, katika mtaa mmoja wa Msambweni. Fundi seremala alirudi kutoka safari ya kazi akiwa na homa. Jamaa zake walidhani ni tetekuwanga, wakamficha. Khabari zilipotufikia alikuwa amekwisha kuzikwa. Nyumbani mlibaki watu wawili: mkewe, Bi Mwanahawa, mwanamke wa miaka thelathini na kitu asiyekuwa na mtoto, na shangazi yake mzee aliyekuwa na makovu ya ndui ya utotoni, hivyo hakuwa na hatari ya kuugua tena. Daktari alikuwa kwetu siku ile. Alitoa amri iliyokuwa ya kawaida: mikeka na matandiko yachomwe, paa la makuti lishushwe lichomwe, kuta zipakwe chokaa, na waliokaa na mgonjwa wahamie kwenye banda la karantini lililojengwa mashambani.

Mimi ndiye niliyepelekwa kumwambia. Nilisimama ukumbini, nje ya pazia la chumba chake. Kwa desturi yetu, na kwa sheria ya dini, mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi katika nyumba ya mumewe. Hatoki, hajipambi, na mwanamume asiye jamaa yake hamtazami. Nilimweleza amri yote. Nikaongeza kwamba nimemwuliza khatibu wa msikiti, naye amesema dharura humruhusu mwenye eda kuhama.

"Dharura hiyo ni yenu, si yangu," alisema kutoka ndani. "Mimi nimekaa na mume wangu siku kumi na moja ana vidonda, nimemlisha, nimemwosha. Sasa niambiwe nisikae na kuta zake?"

Alisema pia, kwa sauti ya chini, kwamba mama yake alikaa eda yake kamili na bibi yake vilevile, na kwamba akitolewa siku ya tatu na askari huku paa linaungua, hilo ndilo litakalosimuliwa juu yake mpaka afe. Nilirudi kwa Mzee Athumani nikamweleza. Yeye alitazama jambo hilo kwa jicho la kazi. Mtu tuliyetaka asitoke, alisema, tayari ameapa kutotoka. Anayemhudumia hawezi kuugua. Tukichoma matandiko, tukipaka chokaa na kumchanja, ni banda gani litakalotupa zaidi ya hapo? Alikwenda akamwambia daktari hivyo hivyo. Daktari aliuliza nani atakayewajibika. Mzee Athumani alinitazama, nami nikasema ni mimi. Tukakubaliana: mjane abaki, paa libaki, mlango ulindwe siku kumi na sita, lakini mtu yeyote akikutwa ameingia, mjane atahamishwa na nyumba itachomwa.

Hapa niseme jambo nililolijua baadaye sana, nilipokuwa nimestaafu na nina wakati wa kukaa katika maktaba ya Mombasa penye kamusi zenye kurasa zote. Arubaini ile ya Venisi haikutokana na elimu ya tauni. Bandari jirani, upande wa pili wa bahari ile, ilikuwa imeanza na siku thelathini. Arubaini ilipendwa kwa sababu ni hesabu ya ibada, na hakuna aliyehesabu ugonjwa unachukua siku ngapi kujitokeza. Na katika Kiingereza chenyewe neno lile lilikuwa na maana nyingine kabla ya kuhusishwa na meli. Waliita hivyo jangwa ambamo Nabii Isa alifunga siku arubaini. Wanasheria wao nao waliita hivyo haki ya mjane. Mume akifa, mkewe alikuwa na haki ya kubaki katika nyumba yake siku arubaini, na warithi hawakuweza kumtoa mpaka apewe fungu lake. Neno ambalo mimi nilimpelekea Bi Mwanahawa likiwa amri ya kumtoa, kwao lilikuwa limeanza likiwa kinga ya mwanamke kama yeye. Sidhani kwamba, hata kama ningemwambia daktari hayo siku ile, yangebadili kitu. Daktari alikuwa akipigana na ndui, na ndui haisomi kamusi. Ninalieleza kwa kuwa ni sahihi, na kwa kuwa mtu anayefungia wenzake milango yampasa ajue neno analolitumia limepita wapi.

Narudi mtaani. Alasiri ile, baada ya matandiko kuchomwa, kuta kupakwa chokaa na Bi Mwanahawa kuchanjwa, niliwachanja watu wa nyumba za jirani. Wanaume na watoto walikuja barazani. Wanawake hawakuja, na hatukutaraji waje. Desturi ya kuwachanja ilikuwa hii: walikusanyika ndani ya nyumba moja, nami nikaketi ukumbini kwenye kigoda mbele ya pazia, na kila mmoja akapitisha mkono. Nilipangusa ngozi, nikaweka tone la dawa, nikakwaruza kwa ncha ya sindano, nikasema, "Mwingine." Sikuona uso hata mmoja. Nyuma ya pazia walikuwa wakicheka na kutaniana, mmoja akisema kwamba Bwana Karantini ana mkono mwepesi kuliko mumewe anyoaye ndevu. Nilihesabu mikono ishirini na miwili, nikaiandika daftarini. Niliambiwa kwamba wanawake wa nyumba zile ni ishirini na wawili. Hesabu ilikubaliana, nikalifunga daftari kwa kuridhika kwingi.

Kisha nikalinda mlango. Nilikaa kwenye baraza ya marehemu tangu alfajiri hadi magharibi, na usiku alikaa askari wa mtaa. Chakula kililetwa na jamaa, nikakipokea mimi, nikakiweka kizingitini; shangazi alitoka akakichukua. Nilizuia watu wengi. Nilimzuia hata khatibu. Kila jioni niliandika kwamba hakuna aliyeingia, na kila nilichoandika kilikuwa kweli kwa mlango niliokuwa nikiutazama.

Asubuhi ya siku ya saba ya ulinzi nilimwachia askari mlango kwa muda mfupi, nikapita nyumba ya nne kutoka pale, ambako Bi Mize alikuwa akiuza vitumbua mlangoni kwake. Alikuwa mwanamke mwenye maneno mengi, na ndiye aliyenitania nyuma ya pazia. Sauti yake niliitambua. Nilimwamkia, akanijibu, akanifungia vitumbua vyangu. Kisha akasema, kama mtu anayetoa khabari za kawaida, kwamba maskini Mwanahawa leo ameamka hajiwezi, kichwa chamgonga na mgongo wamkata.

Nilimwuliza nani amemwambia. Akageuza vitumbua vyake kikaangoni.

Kichwa na mgongo ndivyo vinavyotangulia ndui kabla ya upele, kwa siku mbili au tatu. Hilo ndilo la kwanza nililolielewa: chanjo yake ilikuwa imechelewa. La pili lilikuwa kwamba mimi nilikuwa nimeketi mbele ya nyumba ile tangu alfajiri bila kulijua, na muuza vitumbua wa nyumba ya nne alilijua. Nilimwomba anieleze. Akanieleza bila haya yoyote. Nyumba zile zote zilikuwa na uani nyuma, na kila uani ulikuwa na kijilango kidogo kwenye ua wa makuti, ambacho wanawake walipitia kwenda kuazimana moto na chumvi bila kutoka barabarani. Wangemwachaje mwenzao akae eda peke yake? Kila siku, asubuhi na baada ya adhuhuri, walikuwa wakienda kumliwaza.

Nilikuwa nimezaliwa katika nyumba ya namna ile ile. Mama yangu alipitia vijilango hivyo hivyo. Lakini tangu nilipobaleghe sikuwa nikiingia uani kwa watu, na katika akili yangu nyumba ilikuwa na mlango mmoja, ule wa wanaume.

Nilijifariji kwamba angalau wote wamechanjwa. Nilimwomba Bi Mize anionyeshe mkono, nione kama chanjo imeshika. Alipandisha mkono wa kulia. Palikuwa na kidonda kizuri cha chanjo. Nilipotaka kumshukuru nikaona kingine cha namna ile ile kwenye mkono wa kushoto.

"Huu wa kulia ni wangu," alisema. "Huu wa kushoto ni wa mwenzangu. Alikuwa aogopa sindano, nami siogopi."

Nilimwuliza mwenzake ni nani.

"Nikikwambia utampeleka bandani."

"Ni yeye peke yake?"

"Tulikuwa kumi na wanane mle ndani. Wewe ulihesabu mikono, bwana. Ungehesabu watu."

Wanne, basi, hawakuchanjwa, na mikono yao ilikuwa imelipiwa na wenzao. Nilibisha hodi nyumba kwa nyumba mchana kutwa. Kila mwanamke alinionyesha kidonda, na nyumba nyingine ziliniambia kwamba mwenyewe amesafiri kwenda Diani. Nilijua kwamba wengine walikuwa wakifichwa, na nilijua kwamba sitawapata.

Nilirudi kwa Mzee Athumani. Nilikuwa nimekwisha kutunga akilini taarifa ambayo isingesema uongo wala kusema yote. Alinisikiliza, kisha akanipa kalamu na kuniambia niandike kama ilivyo, mikono na watu, mlango wa mbele na wa nyuma, na jina langu chini yake. Nikaandika. Daktari aliitwa, akafika baada ya siku mbili, alasiri. Upele ulikuwa umeanza usoni mwa Bi Mwanahawa. Shangazi yake alituthibitishia.

Tulisimama ukumbini watatu: daktari, Mzee Athumani na mimi, nikiwa mfasiri. Daktari alisema kwamba makubaliano yamevunjwa. Mgonjwa atabebwa leo kwenda kwenye banda la wagonjwa, na nyumba itachomwa. Nilifasiri kila neno. Bi Mwanahawa akasema kutoka nyuma ya pazia, polepole, akipumzika kila baada ya maneno machache.

"Mkinitoa nitatoka, sina nguvu ya kushindana. Lakini hao mnaowatafuta walikuwa wakija hapa wakicheka jinsi walivyokuchezea, bwana. Majina yao ninayo. Niacheni nimalize eda yangu humu, nami nitawataja. Na wasipelekwe bandani. Wafungiwe kwao."

Daktari aliuliza ni wangapi. Nilimwambia, wanne. Aliuliza kama mimi ninaamini kwamba atawataja kweli. Nilisema kwamba mwanamke aliyehatarisha uso na uhai wake kwa ajili ya eda hataapa uongo akiwa ndani yake. Daktari alitoka akasimama kwenye baraza kwa muda, akitazama barabara. Aliporudi alisema, "Aanze."

Alitaja majina manne na nyumba nne. Wawili kati ya hao walikuwa wale waliosafiri kwenda Diani. Tuliwakuta vyumbani, nyumba ya pili na ya tano. Wote wanne walichanjwa jioni ile ile, wakafungiwa kila mmoja kwao, akihudumiwa na mwanamke mwenye makovu ya zamani. Bi Mize nilimpa kazi ya kukaa katika kijilango cha uani, kwa kuwa hakuna aliyeweza kumpita bila kusemwa. Alimzuia hata mwanawe mwenyewe.

Kabla sijamaliza, niwaachie niliyoyatumia kazini tangu siku hizo. Kuchanja kulikofichwa na pazia kufanywe mkono wa kushoto tu, bila kubadilisha. Ushike mkono huo, uulize jina la mwenyewe na la baba yake, uandike jina kwanza na hesabu baadaye. Ukiambiwa nyumba ina watu saba, uliza ina milango mingapi, na swali hilo muulize mwanamke. Na ukiweka siku za karantini, waeleze watu kwa nini ni siku hizo, maana mtu aliyeelezwa sababu hujilinda mwenyewe pale macho yako yasipofika. Sheria itakupa idadi. Idadi hiyo imebadilika kwa kila ugonjwa, na neno limeendelea kubeba arubaini yake tumboni bila mtu kuiona.

Kati ya wanawake wanne, watatu hawakuugua. Wa nne, msichana aliyekuwa ameolewa miezi miwili kabla, alipata ndui nzito akafariki siku ya tisa ya ugonjwa wake. Ugonjwa haukuvuka mtaa ule. Bi Mwanahawa alipona, uso ukiwa na makovu, akamaliza miezi minne na siku kumi katika nyumba ya mumewe. Paa lilishushwa likachomwa baada ya hapo, na jamaa wakamwezekea jingine. Mimi nilipewa onyo la maandishi, nikahamishiwa Matuga kwa mwaka mmoja. Niliporudi, Bi Mwanahawa alikuwa ameandikwa kazi na Mzee Athumani ya kuchanja wanawake. Tulikwenda naye mitaani kwa miaka sita. Yeye aliingia uani na sindano, akiwatazama usoni mmoja mmoja, nami nilikaa barazani nikiandika majina aliyoniletea.